Nilicheza kwa Jina la Msichana wa Namatala

Jina nililochezea mpira msimu wangu wa kwanza sitaliandika hapa. Sijalisahau. Mpaka leo mtu akiliita sokoni, nageuza njia. Lilikuwa jina la msichana aliye hai, mwenye mama, mtoto na chumba cha kupanga huko Namatala, Mbale, na mimi nilijifanya yeye kila Jumamosi kwa msimu mzima.

Tulitoka Ituri, Kongo, mimi na shangazi, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Habari za njiani naziacha. Kila anayenihoji anazitaka hizo tu, na mimi ni mchoyo nazo. Tulivuka ziwa, tukakaa kambini, halafu shangazi akasikia kwamba Masese, karibu na Jinja, kuna kazi ya kuanika mukene, ndio dagaa wa ziwa la huku, na kwamba wenye samaki hawakuulizi umetoka wapi. Tukaja. Shangazi alikuwa na sheria moja tu, nayo ni kwamba tusijulikane. Tusibishane na mwenye nyumba, tusitangulie kwenye foleni, tusipigwe picha na mtu.

Kiswahili chetu ndicho kilichotuumbua. Kule kwetu ni lugha ya kununulia chumvi. Masese, siku ya kwanza nilipofungua kinywa, wanawake walinyamaza na kutazama nyuma yangu kama kuna askari ananifuata. Kwa wazee wa huku, Kiswahili kiliingia nyumbani kwao pamoja na buti za wanajeshi. Mimi niliogopa buti kuliko wao wote, lakini nani angeniamini?

Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege. Mukene huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na ndege wa ziwani hawana adabu. Ukigeuka kidogo wameshakula chakula cha mtu. Kutwa nzima nilikimbia huku na huku, na jioni vijana walipocheza mpira kwenye uwanja wa vumbi pale kando, niliingia nikaendelea kukimbia, maana miguu ilikuwa imesahau kusimama. Ndivyo Afande alivyoniona.

Sote tulimwita Afande. Alikuwa askari wa magereza aliyestaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba maji. Kule Mpumudde, Jinja, alifundisha timu ya wanawake ya daraja la kwanza. Siku hiyo alikuja Masese kununua samaki, akaniita kwa Kiswahili cha kambi za askari, "Wewe, kuja hapa." Nikatimua mbio. Sikusimama mpaka nyuma ya vibanda vya mwisho, nikajibanza chini ya mtumbwi mbovu. Yeye alibaki palepale akicheka mpaka akashika kiuno. Baadaye aliniambia hajawahi kuona mtu anayeanza mbio kwa kasi ile. Nilimjibu kwamba hata yeye angeanza hivyo kama angekuwa mimi.

Afande aliomba nikachezee timu yake, shangazi akakataa kwa majuma matatu. Alisema mpira ni kitu cha kutazamwa, na sisi hatukuja huku kutazamwa. Alikubali siku Afande alipokuja amevua kofia, akaketi chini juu ya turubai lenye harufu ya samaki, akamwita dada.

Shida ikawa karatasi. Mkimbizi anaruhusiwa kucheza, ila usajili wake una barua za kwenda na kurudi, na zilikuwa zimebaki siku nne usajili ufungwe. Kabatini kwa Afande kulikuwa na karatasi za msichana aliyetoka Mbale mwaka uliotangulia kufanya majaribio. Alifaulu, akaacha cheti cha kuzaliwa na matokeo ya shule, akarudi kwao kuaga, asionekane tena. Walisema ana mimba. Afande akachukua fomu ya msichana huyo na kubandika picha yangu.

"Hapana ogopa," akaniambia. "Hii ni ya muda tu. Karatasi yako itakuja, tutabadilisha."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijua ni uongo na nilijua ni kosa. Lakini niliogopa zaidi kurudi kwa wale ndege.

Ambaye hajacheza ligi hajui ukaguzi ni nini. Kabla ya mechi kamisaa wa mchezo anaingia chumbani mnamobadilishia nguo na rundo la kadi. Anaita jina. Unasogea mbele, unataja jina lako, tarehe uliyozaliwa na namba ya jezi, naye anatazama picha, anatazama uso, anarudi kwenye picha. Kando yake amesimama nahodha wa timu pinzani, na kazi yake ni moja, kumtambua mtu asiye yeye. Mama alinizaa wakati wa mvua za Oktoba, na kaburi lake silijui liko wapi. Sasa nilikuwa nimezaliwa mwezi Mei, na mama yangu alikuwa mwanamke wa Mbale nisiyemjua. Nilimkana mama kila Jumamosi kwa sauti ya kusikika vizuri.

Wenzangu waliniita Kongo ili wasije wakakosea wakaniita jina langu la kweli. Nyumbani shangazi alinihesabia yatakayonipata nikikamatwa. Nitafungiwa mpira, nitapelekwa polisi, nitanyang'anywa kadi ya ukimbizi, tutarudishwa. Kama yote hayo ni kweli, sijui. Sikuwahi kuuliza, maana nilihisi kuuliza ni kujitangaza.

Na kituko ni kwamba hofu ilinifanya nifunge magoli. Mpira ulipokuwa miguuni mwangu watu wote walinitazama mimi, kwa hiyo nilitaka uniondokee upesi, na mara nyingi mahali pa karibu pa kuutupa palikuwa wavuni. Nikawa gumzo. Siku moja, pale kwenye kibanda cha boda Mpumudde, nikasikia redio ikilitaja lile jina, ikimsifu binti huyo kwamba ni moto wa kuotea mbali. Nilicheka peke yangu. Kisha nikakumbuka kwamba redio husikika mbali, hata Mbale.

Mechi ya mwisho ya msimu ilipangwa Mbale, kwa wenyeji wetu ambao nao walihitaji ushindi. Atakayeshinda angepanda ligi kuu. Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameahidi mkataba kwa wachezaji watatu, mshahara wa kila mwezi na nyumba ya klabu, na mmoja wao nilikuwa mimi. Ningekuwa mchezaji wa kulipwa. Nilipompa shangazi habari hiyo hakushangilia. Aliuliza mkataba huo utaandikwa jina la nani, nami nikajifanya nimesikia mtu akiniita nje.

Tulifika Mbale saa nne asubuhi. Mlima Wanale ulikuwa umesimama juu ya mji mzima, nami niliuona kama umekuja kunitazama. Wachezaji wenzangu walinunua ndizi na kutaniana. Mimi sikumeza kitu. Kila msichana aliyepita karibu na uwanja nilimpima umri, nikajiuliza kama ni yeye.

Kwenye ukaguzi kamisaa aliita jina. Nikasogea, nikasema ya kusema. Nahodha wa wenyeji, dada mmoja mwenye mabega ya kubeba magunia, akanikazia macho muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine wote. Alifungua kinywa, akakifunga, akamwambia kamisaa aendelee. Ningefurahi, lakini mtu anayekutambua na kunyamaza anaogofya kuliko anayepiga kelele.

Kipindi cha kwanza nilicheza ovyo, Afande akanifokea mpaka akakauka sauti. Kama dakika ya thelathini nilikuwa karibu na mstari wa pembeni nikingoja mpira urushwe. Nyuma yangu sauti ya mwanamke iliita lile jina, polepole, bila kushangilia. Nikageuka. Niligeuka papo hapo, kama mtu anavyogeuka kwa jina lake alilopewa na babake. Alikuwa msichana wa rika langu, na mtoto mgongoni. Alitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Wakati wa mapumziko nilikwenda bombani nyuma ya vyumba, nikamkuta ananingoja. Alikuwa mfupi kuliko mimi, mwenye miguu ya mchezaji. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Nilitegemea matusi au askari. Yeye alimsogeza mtoto mgongoni, akaanza kusema kwa Kiswahili cha sokoni cha Namatala, ambako makabila ni mengi na kila mtu anasema anachoweza.

"Mama ilisikia redio," alisema. "Ikaniuliza, wewe iko hapa nafua nepi, nani nafunga magoli Jinja?"

Sikujua nicheke au nipige magoti. Akaniambia kwamba mtoto alipofikisha miezi sita alikwenda kujiandikisha timu ya hapa kwao, hii hii tuliyokuwa tukicheza nayo. Wakamjibu kwamba hawezi, maana ameshasajiliwa Jinja. Msimu wote amefanya mazoezi nao, na siku ya mechi anakaa nje na mtoto. Nahodha alitaka kunitaja leo, na ni yeye aliyemwomba anyamaze.

Nilimuuliza kwa nini.

"Nikisema, watafunga jina," akasema. "Na jina ni yangu. Wewe rudisha tu, pole pole. Mimi nataka kucheza."

Nilimwahidi. Nilimwapia kwa mama yangu, yule wa kweli, kwamba Jumatatu nitaliachia jina bila fujo, klabu imwandikie barua ya kumruhusu. Tukapeana namba za simu. Hakuwa amenikasirikia vya kutosha, na hilo lilinitia hofu mpya, maana hasira ningejua jinsi ya kuikimbia.

Kipindi cha pili nilifunga. Sijui niliwezaje. Goli lilikuwa moja tu na likatosha. Wenzangu walinirukia, wachache waliotoka Jinja wakaliimba lile jina, nami nilipopata nafasi ya kutazama kule pembeni nilimwona ameketi kwenye nyasi ananyonyesha, amewapa mgongo wachezaji.

Jumatatu, kule Mpumudde, mkataba ulikuwa mezani umeshachapwa, na jina lake juu kwa herufi kubwa. Nilimvuta Afande nje kabla mwenyekiti hajaingia. Nikamwambia kila kitu, nikamwambia pia kwamba siweki sahihi kwa jina lile hata wakinifukuza. Afande hakunifokea. Aliegemea ukuta akavua kofia, nikaona kwamba anaogopa, na mpaka siku ile sikujua kwamba mtu wa namna yake anaweza kuogopa. Alisema niende nyumbani, nimwachie yeye.

Barua zangu zilikuja kweli baada ya miezi miwili. Afande alinituma kwanza kwa kinyozi, nikanyolewa kipara, ndipo akanipeleka kwa mpiga picha. Nilielewa kwa nini: picha mpya isifanane na ile ya fomu ya kwanza. Siku ya kujaza fomu alitoka kupokea simu, akaniacha mezani kwake, na pale juu ya karatasi nyingine palikuwa na nakala ya barua yake kwa ofisi ya usajili. Ilisema klabu imedanganywa. Ilisema mchezaji fulani wa Mbale alileta karatasi zake halali kisha akamtuma mtu asiyejulikana kucheza kwa niaba yake. Klabu inaomba radhi. Mtu asiyejulikana nilikuwa mimi.

Niliisoma mara mbili. Jina langu halikuwemo popote, na ndani ya ofisi ile hapakuwa na jina la kuadhibu ila lake. Afande alikuwa amenificha vizuri, kama ambavyo shangazi alitaka siku zote. Ningeweza kwenda ofisi ile nikasema kosa ni langu. Naijua ilipo. Nilifikiria kufungiwa, nikafikiria polisi, nikafikiria shangazi ambaye alikuwa ameshaanza kufunga sufuria zake kwenye gunia tayari kuhamia nyumba ya klabu. Niliirudisha barua ilivyokuwa, kona kwa kona. Afande aliporudi nikaweka sahihi, kwa jina langu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Tangu siku ile nikawa naogopa simu. Ilipita miezi bila neno, nikaanza kujidanganya kwamba mambo yamepoa. Alhamisi moja, juma la mechi yetu ya kwanza ya ligi kuu, yule msichana wa Mbale akapiga. Nusura niiache ikatike. Aliniuliza kama nililirudisha jina, nikasema ndiyo. Akaniambia kwamba alikwenda kujiandikisha, wakamfungulia kitabu wakamwonyesha. Amefungiwa misimu miwili. Alisimulia bila kupandisha sauti, mtoto akilialia karibu naye. Nilitambua kwamba anadhani tumekamatwa wote wawili. Alikuwa ananihurumia.

"Na wewe," akauliza, "wamefungia wewe ngapi?"

Nilimwambia nacheza Jumamosi.