Joho la Mwaka wa Nne

Mpwa wangu alipokuja Guangzhou kusoma, mimi nilikuwa nimeshazeeka katika mitaa ya Xiaobei. Siongelei umri, maana hata sasa nina miaka arobaini na kitu. Naongelea kuzeeka kwa kukaa mahali ambapo watu hawakai. Wenzetu wanaingia kwa viza fupi, wananunua, wanafunga mzigo, wanarudi Kariakoo. Mimi nilipita Dubai, nikapita Bangkok, nikafika hapa kwa nia ya kukaa msimu mmoja. Mpaka leo kazi yangu ni kuwapeleka wageni sokoni, kuwasemea bei kwa Kichina changu cha kuokoteza, na kusimama juu ya mizigo yao hadi kontena lifungwe.

Elimu yangu ni kidato cha nne, Tanga, katika shule ambayo mwalimu wa kemia alihama tukiwa kidato cha tatu na hakuletwa mwingine. Naikumbuka ile maabara, meza ndefu na mabomba yasiyotoa maji, kuliko ninavyokumbuka nyumba nyingi nilizolala baadaye. Tulikuwa tunaingia humo kujisomea wenyewe, mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine tunatazama chupa tupu. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu alipopata ufadhili wa kusomea uhandisi wa mazingira, na hasa namna ya kusafisha maji taka, niliona kama mtu wa ukoo wetu ameingia maabara yenye maji.

Wafanyabiashara wa Dengfeng, mtaa wa jirani, walilifurahia jambo hilo kwa namna yao. "Mjomba," wakaniambia, maana tangu mtoto afike wote waliniita hivyo, "mtoto kavuka bahari yote hiyo kuja kusomea vyoo?"

Mwishoni mwa mwaka wake wa tatu alikuja kula wali na maharage kwenye mgahawa wa Xiaobei tunakokutania, akanipa habari kabla hajakaa.

"Mjomba, wamenichukua kwenye ule mpango wa kuunganisha."

"Kuunganisha nini?"

"Digrii na masta. Kwa kawaida nikimaliza minne naomba upya, nasoma miaka mingine miwili au mitatu. Hapa namaliza zote mbili kwa mitano. Mwaka wa nne naanza masomo ya masta, na mengine yanahesabiwa pande zote mbili. Likizo ya kiangazi ndiyo basi tena."

"Na cheti cha kwanza?"

"Vinatoka vyote pamoja, mwishoni. Nikijitoa katikati, sipewi hata kimoja. Narudishwa kwenye mstari wa kawaida, nisome yale ya mwaka wa nne niliyoyaruka."

Nilimwelewa mara moja, kwa sababu ni kama kazi yangu. Watu wawili wakichanga kontena, mmoja viatu mwingine vyombo, wanapata nafuu ya safari, lakini meli ikishaondoka hakuna anayeshusha vya kwake njiani. Nikampigia dada yangu Magomeni, anakouza sare za shule, nikamweleza.

"Kwa hiyo miaka minne," akasema.

"Mitano, dada."

"Digrii si ni minne?"

"Ni mbili ndani ya mitano."

"Haya, Mungu ni mkubwa," akasema, na kwa sauti yake nikajua amebaki na ile minne.

Mwaka wa nne ulipokuwa ukiisha, dada akapata nafasi ambayo hakuiota. Kinamama wa Dar wanaokuja kununua mitandio na viatu walimwingiza kwenye safari yao. Akafika Guangzhou na begi dogo na unga wa muhogo, akiwa na wiki chache tu za viza, na kila aliyemwona alijua hatakuja tena. Hapo ndipo kamati ilipozaliwa.

Watu wa kwetu hawawezi kukutana ugenini bila kamati. Mtu akipata mtoto, kamati. Akifiwa, kamati. Na kwetu sisi wa Xiaobei, tarehe ya sherehe haipangwi na jambo lenyewe, inapangwa na viza za waalikwa na siku ya kufunga kontena. Nimeona watu wakisherehekea ndoa ambayo bado haijafungwa, kwa sababu mashangazi walikuwa wanaondoka Jumanne. Hakuna aliyeona ajabu. Wakati tulionao ni wa kuazima.

Kikao kilikaa nyuma ya mgahawa. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa Unguja, mnunuzi wa viatu katika soko la Zhanxi, mtu ambaye wenye maduka humpunguzia bei ili tu aondoke. Nikasema mapema kwamba mtoto hajahitimu.

"Mwaka wa nne haujesha?" akaniuliza.

"Umekwisha."

"Basi wataka nini tena?"

"Anaendelea na wa tano. Vyeti vyote vinatoka mwakani."

"Sasa huyo mama yake tumwambie arudi mwakani kwa viza ipi? Utampa weye?"

Mkenya mmoja wa Nairobi, mpenzi wa vikao vyetu japokuwa huvicheka, akadakia. "Nyinyi Watanzania mnaweza ita mkutano hata wa kununua sufuria. Lakini huyu msichana amemaliza ama hajamaliza? Mimi nataka tu kujua kama kuna nyama."

"Nyama ipo," mwenyekiti akamjibu. "Kumaliza kwamhusu yeye na walimu wake. Mama atapata picha."

Nilitazama upande wa dada yangu. Alikuwa ameshika kitambaa kilichochaguliwa kuwa sare ya sherehe, cha rangi ya zambarau, anakipapasa ukingo kama anavyofanya dukani kwake. Hakuna aliyenisikiliza, na sikushangaa. Katika mambo ya shule, mtu wa kidato cha nne huombwa aende kununua soda.

Joho lilishonwa karibu na Zhanxi, kwa laobani mmoja, ndivyo tunavyowaita wenye maduka wote hapa, mshonaji wa nguo za maigizo. Alikuwa na majoho ya watoto wa chekechea na ya wakubwa kwenye kamba moja. Aliuliza urefu na rangi tu.

Jumamosi ile mpwa wangu alitoka maabara moja kwa moja, akapanda treni ya chini ya ardhi kutoka kile kisiwa cha vyuo kusini mwa jiji, akaingia mgahawani na viatu vya kazi. Akawakuta watu wamevaa zambarau, keki ipo mezani, na mama yake amelishika joho kwa mikono miwili.

"Mama, hili si langu bado," akasema taratibu.

"Najua, mwanangu. Mjomba wako kanieleza."

"Sasa?"

"Vaa tu nikuone. Mimi huku sirudi."

Akavaa. Ningekuwa mimi pia ningevaa. Wakapiga vigelegele mpaka Wachina wa duka la simu la jirani wakaja mlangoni kutazama. Yule Mkenya alikula nyama, akacheza, akamwambia mpwa wangu, "Sasa wewe ni injinia wa choo rasmi." Hata yeye alicheka. Ilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapoandika haya.

Picha zilitangulia nyumbani kabla ya dada. Kabla begi lake halijafunguliwa, baba mkubwa wa mtoto, kaka wa marehemu baba yake, alikuwa ameshakwenda na simu yake kwenye ofisi moja ya maji, huko mkoani, akamwonyesha mkubwa mmoja anayemfahamu. Akarudi na nafasi ya kazi. Mtoto aripoti mwezi wa tisa, na vyeti.

Walitupigia siku ya Ijumaa, mchana wa kwao, baada ya swala. Nyumbani walikuwa wamejaa sebuleni, simu ikiwa juu ya meza. Huku tulikuwa wawili, mimi na yeye, chumbani kwangu.

"Baba mkubwa, nashukuru sana," akasema. "Lakini cheti sina. Nitapata mwakani, pamoja na cha masta."

"Cha masta tutazungumza. Lete cha digrii."

"Hakitoki peke yake, baba."

"Picha nimeiona. Umevaa joho, umekata keki, mama yako kalia. Lile joho la nini?"

Ungejibu nini? Kwamba ni la viza ya mama? Kwamba watu wa Xiaobei husherehekea jambo kabla halijafika kwa sababu wao ndio wanaoondoka? Sisi tulioishi huku tunalielewa hilo bila kuelezwa. Sebuleni Magomeni lilikuwa joho, na joho lina maana moja.

"Mwanangu," baba mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, hasira ningeipenda zaidi. "Kama umefeli, sema. Hatukuui. Usitutungie digrii ya kuunganisha."

Nikaingilia. Nikaeleza mpango mzima, nikaeleza hata mfano wangu wa kontena. Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mtu mmoja huko nyuma, sikumjua, akasema, "Huyu naye alijuaje mambo ya chuo?" na watu wakacheka kidogo.

Mpwa wangu akajitolea kumweka mwalimu wake kwenye simu, yeye akitafsiri. Baba mkubwa akasema hawezi kuzungumza habari za mtoto wao na mtu asiyemjua, na tena kwa tafsiri ya mtuhumiwa mwenyewe. Alilitumia hilo neno, mtuhumiwa, kwa mzaha.

Dada alinipigia baadaye, peke yake.

"Mdogo wangu, niambie mimi tu. Kafeli?"

"Dada, ulikuwepo. Nilikueleza wewe kwanza."

"Ulinieleza, ndiyo. Lakini watu wote wanasema hakuna digrii isiyokuwa na cheti mwaka wa nne. Watoto wao wamesoma, wana vyeti." Akavuta pumzi. "Na wewe ungemficha. Nakujua unavyompenda."

Nilimwambia mpwa wangu kwamba mama yake ameuliza. Sikumwambia ameuliza kwa namna gani. Akawa anakunja na kukunjua mkono wa koti lake la maabara.

"Unajua, mjomba, wangeniamini haraka zaidi kama ningesema nimefeli."

"Utafanyaje?"

"Nikirudi mwezi wa tisa, narudi bila karatasi yoyote. Ile ofisi itanitimua siku ya kwanza, na hapo ndipo watakuwa na hakika. Nikibaki, wanasema nimebaki kwa sababu nimefeli." Akatazama dirishani, ambako hakuna cha kutazama isipokuwa nguo za jirani. "Nabaki. Angalau nikibaki napata nilichokuja kuchukua."

Akabaki. Nafasi ile baba mkubwa akampa kijana wa rafiki yake. Magomeni wakasema mtoto anarudia mwaka, na wengine wakaongeza wanayoongeza watu msichana akikaa sana ugenini. Dada akaacha kwenda kwenye shughuli za wenzake. Mbele ya duka lake la sare wazazi walisimama, wakauliza bei, kisha wakauliza habari za injinia.

Mwaka ule wa tano mpwa wangu hakukanyaga Xiaobei. Mimi ndiye niliyepanda treni kumfuata, nikiwa na unga na maharage kwenye mfuko. Tulikaa kwenye benchi nje ya maabara, akala haraka huku akiangalia saa, kwa sababu matangi yake yalitaka kupimwa. Alikuwa amekonda na anazungumza kwa mkato. Nilikuwa nikimtazama na kufikiri kwamba mwaka mmoja ameokoa kweli, na sisi tumeula.

Alimaliza. Vyote viwili, siku moja, na tasnifu yake ikasifiwa. Aliniomba nisimwambie mtu tarehe, nikaenda peke yangu. Nilikaa nyuma, sikuelewa hotuba hata moja, na nililia pasipo kujificha, kwa kuwa hapakuwa na anayenijua.

Akatuma vyeti nyumbani. Dada akavipokea kwa kilio, akavipeleka kwa baba mkubwa. Yule bwana akavaa miwani, akavisoma vyote viwili, akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe aliporudia mwaka akajitahidi."

Nami nikamwambia mwenyekiti wetu wa kamati, nilipomkuta Zhanxi amekaa juu ya maboksi ya viatu akibishana na msukuma mkokoteni. Alifurahi kwa dhati, akanishika mkono. Kisha akafikiri kidogo.

"Hongera sana, mjomba. Ila sherehe tulishafanya."

"Ndiyo, tulishafanya."

Baada ya hapo mpwa wangu akapata kazi kwenye kiwanda cha kusafisha maji katika mji mmoja wa kaskazini, mbali, kwenye baridi. Nilimsindikiza kwenye kituo cha treni. Nilijaribu kumwambia apite nyumbani kwanza, hata wiki mbili, vyeti si anavyo mkononi.

"Nyumbani kuna mtu aliyefeli, mjomba, na ana jina langu," akasema. "Wameshamzoea. Mimi nikienda nitakuwa mgeni wake."

Nilimsaidia kuinua sanduku kwenye mkanda wa ukaguzi, akapita, akageuka mara moja kunipungia, na watu wakamfunika.

Dada alipiga jioni ile. Hakuuliza mshahara wala mji gani.

"Anarudi lini?"

"Mwakani," nikasema.

Nikamsikia akifunga mlango wa duka.

"Ndivyo ulivyokuwa ukiniambia wewe hata habari za vyeti," dada akasema.