Aidah Huonja Mchuzi Kwanza, Ndipo Amwone Mgonjwa

Asubuhi hii Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani, imejifunika ukungu. Milima ya Rwenzori haionekani. Ipo tu, kama kitu ulichokiota ukakisahau nusu. Aidah Kansiime anashuka kwenye bodaboda iliyomtoa Kasese, anapiga hodi na kuvua viatu. Hamwendei mgonjwa. Anapinda moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria na kuomba kijiko.

"Onja tu, afande. Chumvi haiko kabisa," Marie-Louise, mke wa mgonjwa, anamwambia Aidah huku akicheka.

Afande ni utani. Aidah ni binti wa askari, amekulia kambini, na amri zake bado zina harufu ya gwaride. Kazi yake ni kuwatembelea wagonjwa wa moyo walioruhusiwa kutoka hospitali, ili wasirudi kulazwa. Posho yake huishia kwenye nauli na sabuni, lakini kazi yenyewe anaipenda, na haoni haya kusema.

Mgonjwa, Sosthène, amelala karibu na dirisha. Alikuwa mfanyabiashara Butembo, Kongo, kabla vita havijamvusha mpaka. Moyo wake umechoka, na chumvi hushika maji mwilini yakaulemea. Ameshalazwa mara mbili. Daktari amesema wazi kwamba akirudi tena wodini, huenda asitoke.

Mchuzi kweli hauna chumvi. Aidah anaingia chumbani, anabonyeza mguu wa Sosthène kwa kidole. Pale alipobonyeza panabaki shimo. Miguu imejaa maji tena.

"Papa, hii chumvi inatoka wapi?"

Sosthène anatazama dirishani. "Batu banakuya kunisalimia. Banaleta makayabo. Nitakatala zawadi ya mutu?"

Makayabo ni samaki wa chumvi. Kwa jamaa zake, aliyetoka hospitali haendewi mikono mitupu, naye akikataa kuonja ni kama amemfukuza mgeni. Basi mzee wa watu amekuwa akilinda heshima ya wageni kwa roho yake mwenyewe.

"Iko na kitu ingine," anaongeza polepole. "Nikifunga macho na ile samaki mu kinywa, niko Butembo. Nasikia mvula juu ya mabati ya mama. Ukinikataza, unanifungia njia ya nyumbani."

Ungetarajia amri. Aidah anakaa chini, machozi yanamlenga.

"Mimi hata sina kwetu, Papa. Kambi ilikuwa inahama, na sisi tunahama nayo. Lakini ukienda Butembo kwa hiyo njia, hutarudi. Huyu mama atabaki na nani?"

Marie-Louise amesimama mlangoni. Anauliza kama samaki mbichi wa ziwani Kahendero, aliyechomwa kwa ndimu na tangawizi, hawezi naye kumfikisha mtu kwao. Mama mkwe wake, mama yake Sosthène, alipika samaki hivyo kila Pasaka.

Sosthène anafumba macho. "Ile nayo," anasema, "ilikuwa muzuri sana."

Aidah anampigia simu nesi, na dawa ya kutoa maji inaongezwa siku hiyohiyo. Lakini wageni bado watakuja. Kwa hiyo yeye, Mwislamu, amemwomba padri wa kanisa wanakosali wageni hao nafasi Jumapili baada ya misa, awaambie waumini wawapelekee wagonjwa mapapai, ndimu na habari za kwao.

Aidah anapovaa viatu, mwandishi wa makala haya anamuuliza anatamani nini.

"Nifike hapa siku moja, nipige hodi, na hakuna mtu anaitika."

Mwandishi anashtuka. Katika kazi hii, nyumba isiyoitika huwa ni msiba.

Aidah anatabasamu kwenye ukungu. "Jirani aniambie: Papa ameenda sokoni Mpondwe na bibi yake. Hata hawakukuachia salamu."