Bwana Yangu Anaimba Kifo ya Dada Yake, Mama Yao Angali Anamungoja

Musiweke jina yangu, kwa sababu hapa Butembo batu tunajuana. Miye ni mwanamuke wa myaka makumi mbili na tisa, tunaishi ku mutaa wa Kimemi na bwana yangu na mutoto wetu mumoja. Tuko na kikundi ya muziki ya metal, ile ya magitare makali na sauti ya kunguruma. Bajirani banaiita kelele ya shetani, lakini kila Jumapili tuko mu misa sawa batu bote. Bwana yangu ndiye anaimba. Miye nacheza gitare basse, ile ya sauti nzito, na ndiye natengenezaka sauti mu kompyuta. Albamu ya kwanza tuliifanya tungali banafunzi, tukichekacheka. Hii ya pili ndiyo inatumaliza.

Bwana yangu alikuwa na dada yake mudogo, tumuite Masika. Sijue kama niseme alikuwa naye ao ako naye. Masika aliishi na mama yao ku Beni, upande wa Mulekera. Siku moja asubui balienda bote babili ku shamba kuvuna maharagi. Masasi ya bunduki ikaanza kulia, kila mutu akakimbia na njia yake. Mama akafika ku nyumba. Masika hapana. Bwana yangu aliangalia kila maiti yenye balileta ku hopitali, hakumuona. Mpaka leo hatuna habari. Mama akakimbilia kwetu Butembo. Wakati padri alimuuliza kama bamusomee Masika misa ya batu benye kufa, alikatala. Akalomba misa ya batu benye kuwa mu safari.

Bwana yangu hakuimba kwa muda murefu. Kisha akaandika wimbo yenye jina ya dada yake. Ndani anamuambia alale, udongo isimulemee, anamulomba musamaha juu hakumuzika. Tuliirekodi mu chumba yetu, magodoro ku ukuta juu ya kuzuia sauti. Aliimba mara moja tu. Alipomaliza, mupiga ngoma wetu aliweka fimbo zake chini na kutoka inje. Hatujafanya kitu ya kweli sawa ile.

Mama mukwe alikuwa mu kiwanja, anachambua sombe, majani ya muhogo. Akasikia jina. Aliingia polepole, akaikala ku kitanda, akasema:

"Masika hapana kufa. Nani alimuona? Tosheni ile wimbo, muiondoe."

Bwana yangu akamujibu: "Mama, weye uko unangoja. Miye nilishachoka kungoja. Uniache nimulilie."

Tangu ile siku habasemezani. Banakula ku meza moja, lakini kila mumoja anapitishia maneno kwangu, hata ya kulomba chumvi. Nilijaribu kubapatanisha: nikakata jina peke yake, nikaacha wimbo ibakie. Bwana yangu aliposikiliza, akatosha casque ya kusikilizia ku masikio, akaniambia kwa sauti ya chini ati nimemupoteza Masika mara ya pili. Nikarudisha jina. Benzetu ba kikundi banasema bila ile wimbo hakuna albamu, na iko kweli.

Juzi mama alinikuta nafua. Akashika shuka upande mumoja, tukaikamua pamoja. Akasema:

"Weye ndiye unashika ile mashini. Na weye uko mama. Kama mutoto wangu ako mu pori, na akasikia ku radio ati tulishamuzika, atarudia kwa nani?"

Nikaanika shuka.

Bwana yangu anataka albamu itoke mu hii juma. Nikiacha wimbo mu albamu, mama anasema atarudia Beni, hawezi kulala mu nyumba yenye imemuzika mutoto wake. Na ku Beni, juu ya vita, hata shamba hawezi kufika. Nikiitosha, sijue kama bwana yangu ataimba tena, wala kama ataniangalia tena. Na miye, nasema ukweli hapa kwa sababu hamunijue: naamini Masika alikufa. Kila mara mama ananiangalia, naogopa asije akaiona mu macho yangu.

Nimechoka, bandugu. Munishauri, ile wimbo niiache mu albamu ao niitoshe? Lakini nabalomba, benye balishapoteza mutu na habakuona mwili, nyinyi ndio munijibu kwanza.