Utepe Mweupe Ndani ya Sukari

Miaka ishirini na sita aliitumikia maabara ile ya neva, na wenzake wakamwita Barafu. Walimtania kwamba mkewe hulala na blanketi mbili, ya kwanza ya kujifunika, ya pili ya kujikinga na mikono ya mumewe.

Kazi yake ilikuwa kusaga ubongo wa panya na kuuchanganya na sabuni. Utando wa seli ya neva, aliwaeleza wageni, haufanani kote. Una mabaka ya mafuta mazito, na humo vimeng'enya vya kupeleka habari hukusanyika bega kwa bega, ili habari ikifika isihangaike kutafuta wa kuipokea. Kwenye baridi, sabuni haiyawezi mabaka hayo. Ukiyazungusha kwa mashine chini ya maji ya sukari, hupanda yakawa utepe mweupe, mwembamba kama uzi. Yakipata joto huyeyuka, vimeng'enya vikatawanyika kila kimoja na njia yake.

Kwa hiyo mirija yake ilikaa kwenye ndoo ya barafu yenye kifuniko cha matundu, naye alipima baridi kwa kupenyeza kidole.

Kliniki ya kisukari ilishamwambia kwamba neva za vidole vyake zimekufa, na zilizokufa hazirudi. Alijikaza kisabuni. Alimwambia mkewe tu.

Siku ya panya wanane waliofugwa miaka miwili kwa ajili ya asubuhi ile moja, alipenyeza kidole, hakuhisi kitu. Miaka yote baridi kali ndiyo iliyomfanya asihisi kitu. Akaridhika.

Profesa, ambaye Barafu ndiye aliyemfundisha kushika mrija, aliinua mirija dirishani mmoja mmoja. Sukari tupu.

“Mzee wangu, utepe uko wapi?”

Barafu akafunua ndoo. Maji matupu. Akaeleza yote. Profesa hakumgombeza; angemgombeza, angalau Barafu angepata la kujibu. Alisema tu kwamba panya wengine watataka miaka miwili. Wote wawili walijua Barafu amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Jioni mkewe alimimina chai, akaigusisha mdomoni mwake kwanza kabla ya kumpa.

“Usinionjee kama mtoto, mama.”

“Nikuachie uungue tena?”

Akakipokea kikombe kwa mikono yote miwili. Mvuke ulikuwa unapanda. Akautazama, maana hiyo ndiyo njia iliyobaki ya kulijua joto.