Kundi la Edvina

Lameki, fundi wa kompyuta, alikuwa mtu wa makundi. Kompyuta kumi na mbili za sekondari moja huko Kagoma, zote za mfumo wa Linux, zote kuukuu, alizipangia programu zake kama mtu anavyopanga kabati: za ramani kundi lake, za hesabu kundi lake. Ukiandika jina la kundi tu, programu zote zinaingia, pamoja na vikorokoro zinavyovitegemea. Kundi la kuandikia nyimbo aliliita edvina.

Edvina alikuwa mkewe, mwalimu na kiongozi wa kwaya ya usharika. Yeye ndiye aliyehamishiwa Kagoma. Lameki alifunga virago Kitendaguro akamfuata, watu wakacheka, mwanamume gani huyo anafuata mke? Aliwaacha wacheke. Sasa Edvina amelala kaburini, kati ya migomba ya kibanja cha ukoo kule Kitendaguro, mwaka wa pili huu, na Lameki yuko Kagoma, bado anamenya ndizi za watu wawili.

Kila Jumapili kaka yake, Byarugaba, alimpigia simu. "Waitu, ndugu yangu, mke umemzika huku. Huko umebaki kwa nani?" Lameki aligeuza maneno, akauliza habari za migomba.

Siku moja mkuu wa shule, Mwalimu Evelyne, akamwambia kompyuta zimejaa, apunguze zisizotumika. Programu ya nyimbo haikuguswa tangu msiba. Lameki akajikaza, akaliondoa kundi la edvina kwenye kompyuta ya kwanza.

Kompyuta ikaleta orodha: programu thelathini na moja ziliingia kwa sababu ya kundi hilo, hakuna aliyeziomba kwa majina yake, hazihitajiki tena. Aziondoe?

Lameki akalia, mtu mzima, mchana kweupe. Naye aliingia Kagoma kwa sababu ya mtu, naye hakuna aliyemwomba.

Akajibu hapana. Akafuta michezo ya zamani, nafasi ikatosha. Kisha akaandika jina la ile programu ya nyimbo, akaiwekea alama kwamba imeombwa yenyewe, ili isiondoke kwa sababu ya kuondoka kwa mwingine.

Jumapili simu ikaita.

"Sirudi, kaka."

"Nani amekuomba ubaki?"

"Nimejiomba mwenyewe."

Byarugaba akauliza kama amekula. Bado, akasema Lameki. Alipokata simu nyumba ilikuwa kimya kama jana. Akaingia jikoni, akamenya ndizi za mtu mmoja.