Pigo la Masila Kwenye Alama ya Saba

Mwaka 2003, Noonkopir nzima hakukuwa na mtu wa kumshinda Masila kwa nyundo. Alikuwa amevunja mawe miaka kumi, viganja vikawa vigumu kama soli. Basi Injinia Wamaitha alipotafuta mgongaji wa kwenda naye Kajiado, akamchukua yeye.

Kazi yenyewe, wee! Unagonga bamba la chuma, sauti inazama ardhini, inakutana na mwamba, inarudi. Vidude vilivyochomekwa mchangani vinaisikia, kompyuta inachora. Mwangwi ukirudi na nguvu, huenda chini kuna mwamba uliopasuka wenye maji. Na kijiji cha huko kilikuwa kimeahidiwa kisima kimoja tu.

Walipima alama kumi. Ya tatu Masila aliigonga huku akipiga miayo. Kufika ya saba, Koko Naipanoi, bibi aliyebeba mtungi mtupu mgongoni, akauliza kwa sauti, "Huyu Mkamba anagonga ama anabembeleza mtoto?"

Wanawake wakaangua kicheko. Masila akatema mate viganjani, akaruka, akashusha nyundo. Gbuu! Mbuzi wakatawanyika. Vigelegele!

Wamaitha alipotazama kompyuta, akapiga makofi. "Oneni saba inavyong'aa! Tunachimba hapa!"

Kasaine, mwenyekiti wa kamati ya kisima, akaanza kurukaruka. Masila peke yake alisimama kama mti. Akinyamaza, atabaki bingwa. Lakini kisima kikitoka kikavu, koko ataendelea kutembea kilomita kumi na mbili na mtungi wake.

"Madam," akasema, "hiyo saba si mwamba. Ni mimi."

"Wewe ndio nini?"

"Nilichekwa. Nikapiga ya hasira."

Kasaine alicheka mpaka akakaa chini. Wamaitha akashika kichwa. "Ai, Masila! Sauti ya mbali hurudi imechoka, hiyo nilirekebisha. Lakini nilidhani mapigo yako yote ni sawa!"

Akafungua rekodi za kidude cha karibu na bamba, kilichosikia kila pigo kabla halijazama. Pigo la saba lilikuwa mara tatu ya mengine. Akagawanya kila mwangwi kwa pigo lake. Saba ikalala chapati. Na tatu, ile ya miayo, ikainuka, ikainuka, ikapita zote!

Walichimba tatu. Siku ya pili, mita ya sitini, maji yakaruka juu. Masila akaingia kwenye tope na viatu vyake, akacheza mpaka kimoja kikabaki humo.