Karatasi za Maandazi

Nawasimulia ninyi kwa sababu walimu wenzangu wote wameshajua, na wameshacheka.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu hapa Tunduma, watoto tisini na kitu. Wiki ile somo lilikuwa mazingira. "Kabla hujatupa kitu, kitumie tena!" niliwaimbisha mpaka wakakariri.

Nami sikutaka kuwa mtu wa maneno matupu. Nyumbani nilikuwa na rundo la karatasi za jaribio la hesabu. Maksi nilishawasomea zamani. Basi nikampelekea Mama Zawadi, anayeuza maandazi getini, afungie wateja wake. Alishukuru, akanipa mawili ya bure. Nikaondoka natafuna, najiona mtunza mazingira namba moja.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja kukagua kipindi changu, akakaa nyuma. Nikauliza kwa madaha, "Nani ameleta kitu kilichotumika tena?"

Neema akasimama na karatasi inayong'aa mafuta. "Mwalimu, hii nilifungiwa maandazi. Ina jina langu."

"Safi sana! Mpigieni makofi."

Wakapiga. Mwalimu mkuu naye akapiga, kisha akaiomba. Akaigeuza huku na huku. Hapakuwa na vema wala kosa, wala tone la wino mwekundu.

"Neema, ulipata ngapi?"

"Sita, mwalimu."

"Nani alikwambia?"

Akaninyooshea kidole.

Mwalimu mkuu akanigeukia taratibu. "Mara ya pili imetumika, mwalimu, nimeona. Mara ya kwanza ilikuwa lini?"